Barua Elfu Nne za Chai

Hati ile ililetwa mezani kwangu Jumatatu asubuhi, imebanwa pini kwenye kona, na kalamu juu yake. Kalamu! Kana kwamba mtunza kumbukumbu wa makumbusho hana kalamu yake mwenyewe. Katibu wa Mkurugenzi aliiweka, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kunisubiri nitie sahihi pale pale.

"Bosi anaitaka kabla ya saa nne," alisema.

"Mwambie bosi ninasoma."

"Ni ukurasa mmoja tu, dada."

"Ndiyo maana nataka kuusoma vizuri."

Alicheka kidogo, akaenda zake. Nikasoma, na kila mstari niliomaliza damu ilizidi kunipanda kichwani.

Makumbusho yetu yalikuwa yanahama. Si jengo, maana jengo lipo pale pale na paa lake linavuja pale pale. Zilizokuwa zinahama ni barua pepe. Zilikuwa zinatolewa kwenye mtambo wa zamani na kupelekwa kwenye mpya, na Mkurugenzi alikuwa amekata shauri kwamba mzigo upunguzwe kabla ya safari. Kila idara ingetazama vichwa vya barua, ichague zilizo muhimu, izichape na kuzitia kwenye jalada. Zilizobaki, kama zina zaidi ya miaka mitano, zingefutwa. Masanduku ya barua ya watumishi walioondoka yangefutwa yote, bila kuchagua, Ijumaa saa sita mchana.

Mkurugenzi wetu tulimwita Muhtasari, si mbele yake. Ukianza kumweleza jambo huinua kiganja na kusema, "Nipe muhtasari." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mtu wa haraka akikabidhiwa nyumba iliyojengwa kutunza vitu vya zamani, lazima mtakwaruzana.

Ila kuna jambo moja hakuweza kulikwepa. Kwa utaratibu wetu, hakuna karatasi, picha wala daftari linaloteketezwa pale makumbusho bila hati yenye sahihi yangu na muhuri wangu. Hata barua zilizoliwa na mchwa zina hati. Ndiyo maana ile kalamu.

Nyuma ya hati palikuwa na orodha ya vichwa vya barua, vimepangwa kwa wingi wake. Vya kubaki vilitiwa alama, vya kufa vilipigwa mstari. Cha kwanza kabisa, kilichozidi vingine vyote na kupigwa mstari mnene, kilikuwa "Chai ya saa nne". Barua elfu nne mia tatu na kumi na sita. Pembeni, kwa mwandiko wa Mkurugenzi, palikuwa na maneno ya penseli: Kumbe kazi tunafanya saa ngapi?

Nilicheka na mimi, nakiri. Nikaisukuma pembeni kwa sababu mlango ulikuwa umegongwa.

Aliyeingia alikuwa yule muuguzi. Alikuja na sare yake ya kazini, macho mekundu kwa zamu. Hiyo ilikuwa mara yake ya nne kunijia.

"Mama, nimekuja tena."

"Kaa, mwanangu. Umetoka zamu?"

"Nimetoka sasa hivi. Mama yangu kila nikiingia nyumbani ananiuliza, wamesemaje? Nimechoka kumwambia hawajasema."

Habari yake niliijua kwa moyo. Mama yake ni mfinyanzi. Miaka kumi na miwili nyuma alituletea mtungi mkubwa wenye michirizi mitatu shingoni, uliofinyangwa na marehemu mama yake, wa mwisho kabla mikono ya bibi huyo haijakakamaa. Tuliuweka kwenye ukumbi wa vyombo vya nyumbani, na uko pale mpaka leo, nyuma ya kioo. Mama mfinyanzi anasema alituazima kwa miaka kumi. Rejista yetu inasema "zawadi", na jalada lina fomu ya zawadi yenye sahihi yake.

Miaka kumi ilipotimia aliandika kuuomba mtungi wake. Akajibiwa kwa barua yenye nembo kwamba kifaa hicho kilitolewa zawadi na ni mali ya makumbusho. Kaka zake wawili waliisoma barua ile. Wakasema dada yao amegawa mtungi wa mama yao ili jina lake liandikwe kwenye kibao, halafu akawadanganya kwamba ameuazima tu. Tangu siku hiyo hawajakanyaga kwake. Miaka miwili, na nyumba zao zinatazamana.

Barua ile yenye nembo niliiandika mimi. Nilifungua rejista, nikaona "zawadi", nikaandika nilichokiona.

"Macho yake sasa yanaona mwanga tu," muuguzi alisema. "Hautaki mtungi ili atie maji, mama. Anataka kaka zake wajue hakusema uongo. Anataka wajue akiwa bado hai."

"Fomu ina sahihi yake, mwanangu."

"Sahihi ni yake, hakatai. Lakini anasema yule mama wa hapa, yule mhifadhi mrefu, alimwambia hiyo ni karatasi ya kushikilia tu, nyingine inakuja."

"Yule mama ameshafariki."

"Najua. Ndiyo nakuuliza wewe uliye hai."

Nilimwambia anipe siku mbili, kwa sababu tu sikuweza kumtazama usoni na kumwambia hapana. Alipofunga mlango nilibaki nimeshika ile orodha, nikiikunjakunja, nikimuwaza yule mhifadhi mrefu. Nilimwita dada. Alinifundisha kazi, akanifundisha na kugombana. Ndipo nikaona tena ule mstari wa kwanza wa orodha.

Dada yangu yule hakunywa chai. Maisha yake yote pale alikunywa maji ya moto matupu.

Lakini hakujua kuanzisha barua pepe mpya. Siku mitambo ilipoletwa, aliyekuwa katibu wakati huo alituma zamu za kuchemsha maji, kichwa "Chai ya saa nne", kwa watumishi wote. Mtu mmoja akamwonyesha dada namna ya kubonyeza "jibu". Mafunzo yake yakaishia hapo. Kwa miaka kumi na moja, akitaka kuandika neno lolote kwa mtu yeyote, aliifungua ile barua ya chai, akabonyeza jibu, akabadilisha jina la anayeandikiwa, akaandika. Mikataba, mizozo na wizara, nyufa za ukuta, vifaa vilivyopokelewa na vilivyokataliwa. Vyote vilikuwa vimekaa chini ya chai, na Muhtasari alikuwa ameshapiga mstari.

Sikungoja lifti. Nilishuka ngazi hadi chumba cha mitambo kwa fundi wetu tunayemwita Swichi, mtu mzima mwenye wajukuu, anayeshinda amejifunika blanketi kwa sababu ya baridi ya mashine zake.

"Nifungulie sanduku la marehemu dada."

"Lile la Ijumaa?" Alinitazama juu ya miwani. "Mama, nimeambiwa nisiliguse mpaka siku ya kulifuta."

"Nani mtunza kumbukumbu hapa?"

"Wewe."

"Basi fungua, kisha unilaumu mimi."

Alifungua. Aliandika neno "mtungi" na barua sitini na moja zikajipanga, zote zikiitwa Chai ya saa nne. Tulipekua moja moja. Ya thelathini na kitu ndiyo ilikuwa yenyewe, na niliposoma neno la kwanza niliisikia sauti yake.

"Mdogo wangu, leo nimepokea mtungi wa yule mama mfinyanzi. Fomu za kuazima zimekwisha, mpiga chapa anasema wiki ijayo, na sikutaka kumrudisha mama wa watu na mtungi wake njia yote ile. Kwa hiyo amesaini fomu ya zawadi. Nimemwambia kwa mdomo na wewe nakuandikia: NI WA KUAZIMA, miaka kumi, kisha unarudi kwake. Fomu zikija mbadilishie, na kwenye rejista usiandike zawadi. Halafu nani amechukua ngazi ya ghalani?"

Niliruka kwenye kiti. Nilimpiga Swichi begani mpaka blanketi likaanguka. "Ndiyo hii! Umeona? Ndiyo hii!"

Swichi hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya barua ile, mahali penye jibu.

"Mama," alisema taratibu, "mdogo wangu ni nani hapa?"

Nilisogea. Jibu lilikuwa fupi, la dakika nne baadaye. "Sawa dada, nitafanya kesho. Ngazi iko kwa fundi rangi." Juu yake lilikuwapo jina langu.

Nilitafuta kumbukumbu ya siku ile kichwani mwangu na sikukuta hata punje. Ngazi ndiyo niliyoikumbuka. Mtungi wa watu nilikuwa nimeupotezea kwenye kesho, na rejista nikaja kuijaza baadaye kwa kunakili fomu, kwa mwandiko wangu mzuri wa kiofisi. Halafu miaka kumi ikapita nikamwandikia yule mama, kwa nembo, kwamba alichokuwa anasema si kweli.

Swichi aliokota blanketi lake. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Ijumaa saa saba hii barua itakuwa hewa. Ukitia tu sahihi."

Hakuniambia kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilinichoma kuliko tusi. Nilimwambia achape nakala tatu.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, anafanyia kazi sebuleni, na alinisikiliza akiwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Bado miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Na hiyo barua wakiiona?"

"Onyo. Pengine na kusimamishwa. Nimeandikia watu uongo kwa nembo ya makumbusho, hata kama sikujua."

Alipima suruali ya mtu kwa macho. "Hiyo kesho yako mimi nimeoana nayo. Kitasa cha bafu nakisubiri mwaka wa tatu." Kisha akaacha utani. "Lakini hebu niambie. Ungekuta barua hiyo ina jina la mwingine, la huyo Muhtasari kwa mfano, ungefanya nini?"

"Ningeibandika kwenye lango kuu."

"Basi," alisema, akarudisha pini mdomoni.

Nilimkasirikia sana, kwa sababu alikuwa amemaliza mazungumzo.

Jumatano tulikaa kikao cha wakuu wa idara. Muhtasari mwenyewe, mwanasheria wetu, mwanamke mpole asiyeinua sauti, mkuu wa maonyesho, Swichi na blanketi lake, mimi, na katibu akiandika kumbukumbu za kikao kwa mkono, maana hilo nalo ni sharti letu la zamani. Muhuri wangu nilikuwa nao mkobani. Nilikuwa nalala nao tangu Jumatatu.

"Hati ya barua," alisema Muhtasari. "Naona hapa sahihi haipo. Nipe muhtasari, nini kimekwama?"

"Mimi ndiye niliyekwama. Sitii sahihi."

Muhtasari alitabasamu kama anayeongea na mgonjwa. "Dada, hizi ni barua pepe. Nusu yake ni chai, salamu na nani ameegesha gari vibaya. Makumbusho yanatunza vitu vya thamani. Hatuwezi kutunza kila mtu alichopayuka."

"Ghalani tuna vigae mia tisa vilivyochimbwa jalalani kwa watu wa kale. Walivitupa wenyewe. Wewe umevipigia picha ukaviweka kwenye kalenda."

Swichi alikohoa ndani ya blanketi. Muhtasari akafungua mdomo, lakini aliyemtangulia alikuwa mkuu wa maonyesho, dada mmoja ambaye siku zote tumeelewana, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Mimi niko upande wa kufuta," alisema. "Mle ndani kuna barua zangu na daktari. Nilipoteza ujauzito nikiwa kazini hapa, nikaomba ruhusa kwa barua pepe ya ofisi kwa sababu sikuwa na nyingine. Leo unataka ziwekwe wageni waje kuzisoma?"

Hapo niliacha kejeli. Nilimwambia hapana. Nilimwambia hizo ni zake, na kabla ya lolote kufungwa kila mtu atapewa muda aingie sandukuni mwake atoe ya mwilini mwake, ya nyumbani kwake, ya watoto wake. Kitakachobaki kifungwe chote kama kilivyo, sanduku zima la kila mwenye cheo cha kuamua, wala si barua zilizochaguliwa kwa vichwa vizuri. Lifungwe miaka ishirini na mitano, na akitokea mwenye haja ya barua moja kabla ya hapo, aandike ombi, na afunguliwe na watu wawili kwa pamoja. "Tunafanya hivyo hivyo na shajara za watu waliokufa," nilisema. "Kwa nini tusijifanyie sisi?"

Mkuu wa maonyesho akanigeukia. "Mimi mwenyewe nitatoa zangu? Hakuna atakayeniangalia begani?"

"Wewe mwenyewe, na mlango umefungwa."

Akajifuta macho, akasema kwa namna hiyo hana neno.

"Ni kazi ya miezi," alisema Muhtasari. "Na nikuulize, kwa faida ya nani? Niambie barua moja tu ndani ya hizo elfu nne za chai inayostahili usumbufu huo. Moja."

Nilikuwa nimeomba Mungu aulize hivyo, na alipouliza nilitamani asingeuliza. Nikasimama, nikavaa miwani, nikasoma barua ya dada tangu "mdogo wangu" hadi "ngazi ya ghalani". Watu wawili walitabasamu kwenye ngazi. Kisha nikasoma jibu. Nikasoma na jina.

"Huyo ni mimi," niliongeza, kama vile hawakusikia. "Fomu zilikuja wiki iliyofuata, mimi sikubadilisha. Miaka miwili iliyopita nikamwandikia mama yule kwamba mtungi si wake, na ndugu zake wakamtenga. Hakusema uongo. Sisi ndio tuliosema. Na Ijumaa saa sita tulikuwa tunakwenda kufuta ushahidi, kwa sahihi yangu mimi mwenyewe."

Muhtasari hakuinua kiganja safari hii. "Unajua unajichongea?"

"Najua. Nimejichongea mwenyewe, sijachongewa na mtu."

"Ungeweza kuniletea hii ofisini kimya kimya."

"Ningekuletea, ungeniambia nikupe muhtasari."

Lilinitoka, na sikulijutia. Alikunja uso, akageuka kwa mwanasheria. "Atakaimu mtu mwingine nafasi yake. Hati itasainiwa na mwingine. Inawezekana?"

Mwanasheria alikuwa anamtazama katibu, ambaye kalamu yake ilikuwa bado inakimbia. "Umeandika barua ile?" alimuuliza.

"Neno kwa neno," alisema katibu. "Na ngazi."

"Basi haiwezekani," alisema mwanasheria, kwa sauti ile ile ya upole. "Kuanzia sasa tunajua, na imeandikwa kwamba tunajua. Ukifuta sanduku lile baada ya kikao hiki, unafuta ushahidi wa mali ya mtu. Mimi sitakutetea. Na siwezi kukuhakikishia kwamba humo hamna mitungi mingine."

Swichi aliinua mkono kutoka ndani ya blanketi. "Ijumaa mimi sibonyezi kitu bila muhuri," alisema, akaurudisha.

Muhtasari alitutazama mmoja mmoja. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akichukua muda. Aliikunja hati, akaitia mfukoni, akasema uhamisho utasubiri, na kwamba mimi na yeye tutaandikiana.

Aliniandikia kesho yake. Onyo kali kwa uzembe wa kikazi na lugha isiyo na staha kikaoni. Lilikuja kwa barua pepe, na niliamua libaki kwenye sanduku langu, lifungwe pamoja na mengine. Wajukuu wa watu watakaokuja kulisoma wataona pia nilichomjibu: Nimepokea, ni kweli yote mawili.

Rejista niliifungua siku hiyo hiyo, si kesho. Nilipiga mstari mmoja juu ya "zawadi" ili neno lenyewe liendelee kusomeka, nikaandika "azima, miaka kumi, muda umekwisha", na kwenye safu ya sababu, ambayo watu huandika "marekebisho" wakaenda zao, niliandika: kosa la mtunza kumbukumbu. Nikatia tarehe na sahihi.

Ilichukua wiki tatu kioo kufunguliwa. Tuliupeleka mtungi kwa gari la makumbusho, mimi nimeupakata kiti cha nyuma na muuguzi yuko pembeni yangu ameushika shingo kwa mikono miwili. Alikuwa ameshakwenda kwa wajomba zake akawaambia jambo moja tu, kwamba mtu wa makumbusho anakuja kusoma barua. Walikuja. Sidhani walikuja kwa mapenzi. Walikuja kusikia.

Chumba kilikuwa na harufu ya udongo mbichi, ingawa mwenyewe alikuwa ameacha kufinyanga. Mama mfinyanzi alikaa kwenye kiti kilichoelekea dirishani, mwembamba, ameshika fimbo. Kaka zake walikaa karibu na mlango, mkubwa na mdogo, kofia magotini, tayari kuondoka. Nilimwamkia, nikampigia magoti, nikamwambia mimi ni nani. Nikasoma.

Nilisoma barua ya dada hadi ngazi. Yule mama alisikiliza akitikisa kichwa polepole, na nilipofikia "ni wa kuazima" midomo yake ilitamka pamoja nami, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameyarudia miaka miwili peke yake. Kisha nikasoma la kwangu.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

"Sawa dada, nitafanya kesho."

"Hiyo kesho ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu, mama. Na ile barua ya nembo, iliyosema ni zawadi, niliandika mimi."

Kaka mkubwa akasimama. Kofia ilianguka. "Miaka miwili!" alifoka. "Miaka miwili hatusemezani na dada yetu kwa ajili ya uvivu wako? Halafu unakuja hapa na karatasi..."

"Kaa chini," alisema dada yake.

"Dada, huyu..."

"Kaa chini, nimesema. Huyu amekuja mwenyewe kunisomea kosa lake, hakutumwa na polisi. Nyinyi mlilisoma langu kwenye barua ya mtu msiyemjua, mkaamini, mkatoka kwa mlango huo huo. Hamkuniuliza hata mara moja. Mwenye kufokewa hapa ni nani?"

Kaka mkubwa alikaa. Mdogo alikuwa ameshafunika uso kwa viganja, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Nipeni mtungi wangu," alisema mama mfinyanzi.

Muuguzi akauweka mapajani mwake. Aliupapasa shingo, akazihesabu zile alama tatu kwa kidole gumba, kisha akaingiza mkono mzima ndani hadi kwenye kiwiko na kuuzungusha polepole, akitafuta vidole vya mama yake kwenye udongo. Alipovipata alitulia. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatoke.

"Njooni mumshike mama," aliwaambia kaka zake.

Walikwenda. Walipiga magoti wote wawili, wanaume wenye mvi, wakaingiza mikono yao kwa zamu. Mimi nilisogea ukutani. Sikustahili kuwa karibu zaidi ya hapo na sikutaka kuwa mbali zaidi.

Nilipokuwa natoka, kaka mdogo alinifuata hadi mlangoni. Alikuwa ameshika ile karatasi niliyoisoma.

"Hii tubaki nayo?" aliuliza. "Au unairudisha ofisini?"

"Baki nayo, kaka. Hiyo ni nakala," nilimwambia. "Yenyewe iko kwetu, na maadamu mimi ndiye mwenye muhuri, haifutwi."